Kibuyu Kilichokaa kwa Mkungu

Kazi yangu iliisha bila mtu kuniambia kwamba imeisha. Vita vilipokaribia upande wetu, Wadachi wa boma walifunga mizigo wakaondoka, nami nikaendelea kwenda barazani kila asubuhi. Nilifagia, nikapanga viti, nikasimama mahali pangu pa kusimama. Niliwaza kwamba wakirudi wakakuta sipo, watasema nimetoroka. Halafu nikawaza kwamba wakija Waingereza wakanikuta nipo, watasema mimi ni mtu wa Wadachi. Nikawa naenda na kuondoka, naenda na kuondoka, mpaka siku moja nikakuta mbuzi wamelala barazani, wametulia kuliko nilivyowahi kutulia mimi. Nikaona basi, nimestaafu.

Umri wangu haujafika wa kuitwa mzee, ingawa watoto wa Nyaishozi wameanza kuniamkia shikamoo wakiwa bado mbali, kama mtu anayetaka kumaliza jambo mapema. Nawaandikia ninyi mnaoanza ukalimani wa mabaraza chini ya serikali mpya. Hamkuniomba. Nimewaza sana kama ni adabu kumwandikia mtu ambaye hakuomba, na nimeona kwamba nikingoja kuombwa sitaandika kamwe.

Baba yangu alikuwa mtu wa pwani. Alipanda huku na chumvi na vitambaa, akaoa Mnyambo, akafungua duka Nyaishozi. Nyumbani nilizungumza Kinyambo na mama, Kiswahili na baba, na walipogombana kila mmoja alinituma kwa mwenzake na maneno yake, ingawa walikuwa chumba kimoja. Nadhani kazi yangu ilianzia pale. Baadaye nilipelekwa shule ya serikali pwani, nikarudi najua kusoma, kuandika, hesabu na wasiwasi. Huo wa mwisho haukufundishwa, lakini ndio nilioufaulu vizuri kuliko wenzangu wote.

Niliporudi, wazazi walikuwa wamekwisha kufa. Duka lilikuwa mikononi mwa baba yangu mdogo, Salimu, ambaye alinipa chumba cha nyuma, kati ya magunia. Ndugu wa mama waliniona Mswahili. Wenzake baba waliniona Mnyambo aliyevaa kanzu. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeniuliza nimekula nini.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Feruzi, mkalimani wa zamani, mtu wa ugoro na miguu mibovu. Sugu zake alizijua moja moja, akizitaja kama mtu anavyowataja ng'ombe wake. Siku yangu ya kwanza alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akasema, "Umesoma."

"Ndiyo, Mzee."

"Pole. Tutajaribu."

Akanipa masharti yake huku tukitembea. La kwanza: mtu akisema "mimi," nawe useme "mimi." Usiseme "huyu anasema kwamba yeye." Bwana Shauri, yaani Mdachi aliyezunguka kusikiliza kesi, alikijua Kiswahili lakini Kinyambo hakukijua, na ukimwambia "anasema kwamba alisema," hajui tena nani ni nani. La pili: tafsiri maneno. Usitafsiri macho, usitafsiri mikono, usitafsiri unayojua wewe kuhusu mtu huyo. La tatu: usile kwa mtu.

"Hata maji?" nikauliza.

"Maji ya mto kunywa. Mto hauna kesi."

Sharti la kwanza lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Siku nzima nilikuwa nasema "mimi." Asubuhi nilikuwa mjane, adhuhuri nikawa mwizi wa mbuzi, jioni nikawa mume aliyekimbiwa na mke, anataka arudishiwe mahari yake. Nilirudi chumbani nikiwa nimechoka kwa kuwa watu wengi, na nikifunga mlango nilikuta hamna mtu.

Hiyo siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo nawaomba msilirudie. Tulikwenda kukagua kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, na mimi nikaona njia ya mkato kupitia nyuma, katikati ya migomba. Nikatokea uani kwa wenyewe. Mama mwenye nyumba alipiga yowe, majirani wakaja na fimbo. Kumbe kibanja huingiwa kwa mbele tu, kwa njia iliyofagiliwa, na ukiwa njiani unakohoa ili wajue unakuja. Anayetokea nyuma ni mwizi, au ni mtu aliyetumwa kuangalia shamba kabla halijachukuliwa. Mzee Feruzi alifika kwa mbele, polepole na sugu zake, akawaambia, "Mwacheni, huyu amesoma." Wakaniachia papo hapo. Walinionea huruma.

Vifaa vya kazi havikuwa vingi. Kulikuwa na stuli ya kukunja ya Bwana Shauri, ambayo mkalimani huibeba lakini haikalii. Kulikuwa na fimbo ya kupimia. Na kulikuwa na jembe dogo lenye mpini mfupi, ambalo nalisifu kuliko vyote. Huku mipaka huwekwa kwa mti uitwao mramura, wenye majani marefu kama panga, na mti huo hauna ugomvi na mtu: ukiuchomeka unashika. Ubaya wake ndio huo huo. Mtu anaweza kuung'oa usiku akauchomeka hatua kadhaa ndani kwa jirani, na baada ya mvua moja umesimama pale kama uliozaliwa hapo. Kwa hiyo msitazame majani. Chimbeni chini ya shina. Mramura wa zamani una mzizi mnene, wa rangi ya chungwa, na udongo wake umeshikamana. Mramura uliohama una vijizizi kama ndevu za kijana, na udongo unamwagika. Mzee Feruzi alinifundisha kuchimba bila kusema kitu, kisha kuinuka na kujifuta magoti ili Bwana Shauri atazame shimo mwenyewe. Shimo, alisema, halihitaji mkalimani.

Sharti la tatu ndilo lililoniumba nilivyo. Kulikuwa na sababu yake. Mkalimani akila ndizi kwa mtu leo, kesho mtu huyo akishinda kesi, watasema ndizi zimeshinda. Basi wenzangu walipokaribishwa ndani, mimi nilibaki nje na kiporo changu kwenye jani. Nilisikia wakicheka ndani. Bwana Shauri alikula chakula chake hemani, askari walikula kwa mkungu, yaani mkuu wa kijiji aliyewekwa na mtawala, wapagazi walikula pamoja, hata punda alikuwa na mwenzake. Baada ya muda watu waliacha kunikaribisha. Hawakunichukia, walikuwa wameniheshimu kwa namna niliyoitaka mwenyewe. Walinisalimu vizuri na kuninyamazia vizuri.

Mzee Feruzi aliposhindwa kabisa na miguu, alirudi pwani kwa machela. Kabla hajaondoka nilimuuliza sharti la tatu linaisha lini.

"Linaisha kazi ikiisha," akasema. Akavuta ugoro, akapiga chafya. "Ila mimi nimekwisha kulizoea."

Kisha ikaja kahawa.

Kahawa yenyewe ilikuwapo tangu zamani. Watu walitafuna buni iliyopikwa na majani ya harufu, na mgeni akifika ndicho kitu cha kwanza kuletewa. Lakini mbuni ulikuwa mti wa wakubwa. Mtu wa kawaida hakuupanda kwa kujipendea. Boma likabadilisha hayo. Amri ilitoka kwamba kila mwenye kibanja apande mibuni, maana kodi ya nyumba ilitakiwa kwa rupia na migomba haizai rupia. Miche ikagawiwa. Wanunuzi wakaanza kupanda kutoka Bukoba na mizani zao. Baba mdogo Salimu naye akatundika mizani dukani, na mimi nikalala kati ya magunia ya kahawa badala ya magunia ya chumvi, ambayo hayakuwa na harufu.

Nimesikia mabwana wakisema kwamba kahawa ilileta maendeleo. Sikatai. Naeleza tu nilichokiona kutoka mahali pangu pa kusimama. Kibanja ambacho jana hakuna aliyekitupia jicho, leo kilikuwa na mibuni, na kila mkubwa akakumbuka kwamba babu yake alimpa babu wa huyu mtu ardhi ile. Mkungu alikwenda barazani na kudai kwamba vibanja fulani ni nyarubanja yake. Nyarubanja ni shamba la bwana, na wanaoishi ndani yake ni watwarwa, wapangaji wa kurithi. Mtwarwa humpelekea bwana wake sehemu ya mazao, humjengea, na akimuudhi hufukuzwa, akaacha nyuma migomba aliyoipanda na makaburi ya wazazi wake. Nyarubanja zilikuwapo kabla ya Wadachi. Lakini tangu kahawa, zilianza kukua usiku kama uyoga, na boma, likipenda mambo yaliyopangika, liliona afadhali kushughulika na mkungu mmoja kuliko wakulima mia. Wengi walilala wakiwa na kibanja, wakaamka watwarwa. Mimi ndiye niliyewaambia, kwa Kinyambo safi.

Kesi ya Kokuhirwa ilikuja wakati huo.

Alikuwa mjane wa Chonyonyo, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu anayewaita kuku. Mume wake alizikwa ndani ya kibanja, karibu na nyumba, na wote wawili walipanda mibuni mstari kwa mstari mara miche ilipogawiwa. Ilikuwa imeanza kuzaa. Mkungu wake, Kamuhanda, alidai kwamba kibanja kile ni sehemu ya nyarubanja yake na kwamba mwanamke yule ni mtwarwa kama marehemu mume wake. Akishinda, buni ingekuwa yake, na Kokuhirwa angeishi pale kwa hisani, mpaka siku ambayo hisani ingeisha.

Baraza lilikaa uani kwa Kamuhanda mwenyewe, maana nyumba yake ilikuwa na kivuli kizuri. Bwana Shauri alikaa kwenye stuli yake. Mimi nilisimama kushoto kwake, nusu hatua nyuma. Wanaume walikaa mbele, wanawake wa majirani nyuma yao, na mama mzazi wa Kamuhanda, kikongwe mnene mwenye bangili mpaka kiwikoni, alikaa mlangoni mwa nyumba akipepeta maharage kana kwamba hakuna kesi.

Tulikwisha kuutembea mpaka wa kibanja. Miramura ya upande wa mkungu ilikuwa imekatwa yote mpaka mizizi na kuchomwa moto, kwa hiyo jembe langu halikuwa na la kuchimba. Ilibaki midomo.

Kamuhanda alizungumza kwa utaratibu. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na adabu zake, na nadhani kufikia siku ile alikuwa amekwisha kujiaminisha. "Mimi sitaki maneno mengi," nilitafsiri. "Muulize mama huyu kama hakuniletea kibuyu cha rubisi kila alipopika. Nani humletea mkungu pombe ya ndizi kila msimu, kama si mtwarwa?"

Bwana Shauri akamgeukia Kokuhirwa. Nikauliza swali kwa Kinyambo, nikitamani litoke kwa namna ambayo angeona shimo lililo mbele yake. Halikutoka hivyo. Lilitoka kama lilivyokuwa.

Kokuhirwa akajinyoosha. Aliona ameulizwa kuhusu malezi yake. "Nilileta, waitu," akasema. Waitu ni neno lao la kumheshimu mkubwa. "Tena cha kwanza, kabla mtu hajaonja. Mimi si mtu wa kuleta mabaki."

Niliona alichokifanya. Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja kati ya maneno yake na yangu, na ndani ya pumzi hiyo niliwaza mambo mengi kuliko inavyopasa. Niliwaza kwamba ningeweza kusema "nilileta kama jirani." Hakusema jirani. Niliwaza kwamba askari mmoja ni Mnyambo na angesikia. Niliwaza kiboko. Niliwaza Mzee Feruzi. Kisha nikafungua kinywa nikasema, "Nilileta, Bwana. Tena cha kwanza, kabla mtu hajaonja. Mimi si mtu wa kuleta mabaki."

Bwana Shauri akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, akaanza kukunja miguu ili ainuke.

Hapo Kamuhanda, akiwa ameshinda, akataka kushinda zaidi. "Na kama Bwana anataka ushahidi," akasema, "kibuyu chake kimo ndani mwangu mpaka sasa. Kileteni."

Kikaletwa. Kilikuwa kibuyu cha shingo ndefu, kimepasuka ubavuni na kushonwa kwa nyuzi za migomba. Wakakiweka mbele ya stuli.

Kokuhirwa akakitazama. "Kumbe kipo," akasema. "Nilidhani kimevunjika mnaona haya kuniambia. Nimekaa nachotea maji kwa chungu cha mkwe wangu, na kibuyu kipo huku mpaka panya wamekizoea."

Mwanamke mmoja nyuma akacheka puani. Mwenzake akamfuata. Kisha kicheko kikapita kwa wanaume, wakiinamisha vichwa ili mkungu asione nani amecheka, na wakubwa wenzake waliokaa naye ndio waliocheka zaidi.

Nikatafsiri maneno ya Kokuhirwa. Bwana Shauri alingoja, akaona sijaongeza kitu.

"Wanacheka nini?" akauliza.

"Mama amesema, Bwana, kwamba alidhani kibuyu kimevunjika."

"Maneno nimeyasikia. Nakuuliza wewe. Wanacheka nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi barazani. Niligeuka nyuma kutazama anayeulizwa. Uwanja mzima ulikuwa ukinisubiri, na maharage yalikuwa yameacha kulia kwenye ungo.

"Mimi," nikasema, na neno hilo nililolisema kila siku likanitoka vibaya, kama la mwanafunzi. "Mimi naona, Bwana, wanamcheka mkungu. Mtwarwa akileta rubisi, anasubiri uani, pombe inamiminwa kwenye mtungi wa bwana, naye anaondoka na kibuyu chake kitupu siku hiyo hiyo. Jirani akileta, kibuyu kinabaki. Hakirudishwi kitupu, kinarudishwa na kitu ndani. Kikikaa sana, ni kwamba aliyepokea hajapata cha kutia. Wanacheka kwa sababu mkungu ametoa nje aibu yake mwenyewe."

Bwana Shauri akakitazama kibuyu, kisha akamtazama Kamuhanda. "Vibuyu vya watwarwa wako vingine vimo ndani?"

Nikauliza. Kamuhanda akajibu kwa sauti ya chini kwamba hakuna.

"Kwa nini hiki kimo?"

Kule mlangoni, mama yake Kamuhanda akaweka ungo chini.

"Kimo kwa sababu chumvi haijafika," akasema. "Mlitaka nikirudishe kitupu?"

"Mawe," Kamuhanda akasema, yaani mama, "nyamaza kidogo."

"Ninyamaze nini, nami naumbuliwa mbele ya Mzungu uani kwangu? Tangu niolewe humu hakijatoka kibuyu cha jirani kitupu. Mume wake alileta, nikamrudishia chumvi. Akaleta tena, nikarudisha maharage. Muulizeni mwenyewe kama naongopa."

"Haongopi, waitu," Kokuhirwa akasema. "Maharage yale yalikuwa na wadudu, lakini yalikuja."

"Wadudu waliingia kwako."

Nilitafsiri yote, pamoja na wadudu. Sikuacha hata neno moja. Bwana Shauri akasema kibanja ni cha mjane, na mkungu apande upya miramura aliyoikata. Akainuka. Nikakunja stuli.

Kamuhanda alinipita karibu nilipokuwa nafunga mizigo. Hakukasirika. "Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yako," akasema. "Nilidhani huna." Hakunisemesha tena maisha yake yote.

Kokuhirwa naye alinifuata mpaka njiani, amebeba kikapu cha ndizi za kuchoma, bado za moto. Nilizisikia harufu kabla sijamwona. "Chukua, mwanangu, njia ni ndefu."

"Siruhusiwi, mawe."

Alinitazama, akalitazama tumbo langu, akafunika ndizi kwa jani na kurudi nazo nyumbani. Ninyi mnaoanza, nawaambia kwamba nilifanya sawasawa. Ningelifanya tena. Nawaambia pia kwamba mpaka leo naweza kuwaeleza zile ndizi zilivyonukia.

Ningependa kumalizia hapo, kwa ushindi. Lakini kazi iliendelea, na nililoliona baadaye ndilo ambalo hasa nataka mlijue.

Habari za kibuyu zilienea vilima vyote. Wakungu walikuwa wa kwanza kujifunza. Wakaanza kurudisha kila kibuyu siku hiyo hiyo, kitupu, mbele ya watu, hata cha mtu aliyeleta kwa mapenzi tu. Kisha wakulima wakajifunza. Mtu alijiuliza: nikimpelekea jirani rubisi, na jirani huyo kesho akawa mkungu, au shemeji wa mkungu, kibuyu changu kitasema nini barazani? Wakaacha kupeleka. Wakapika, wakafunga mlango, wakanywa. Zamani, wakati wa rubisi, mtu aliweza kukaa kilimani akaona watu wakipishana kwenye njia zilizofagiliwa na vibuyu mabegani, huyu anakwenda, huyu anarudi. Nilizoea kuwatazama, maana ndiyo ilikuwa burudani yangu ya kula kiporo. Miaka michache baada ya kesi ile, njia zilikuwa na wapagazi wa kahawa tu.

Na barazani ushahidi ukabadilika. Mtu akiulizwa kama amewahi kumpelekea mdai kitu, alijipiga kifua. Nami, kama nilivyofundishwa, nilisimama kushoto kwa stuli nikasema kwa niaba yake, kesi baada ya kesi: "Mimi sijawahi kumpa mtu kitu chochote, wala sijapokea kitu cha mtu." Kwa upande wangu hapakuwa na haja ya kutafsiri.

Walihifadhi vibanja vyao kwa maneno hayo, baadhi yao. Siwalaumu. Kibanja ni kitu kikubwa, na kibuyu cha rubisi ni kitu kidogo. Nimelipima jambo hili pande zote kwa miaka, na bado sijui kama ningejibu vingine nilipoulizwa wanacheka nini. Nadhani hapana. Mama yule angefukuzwa kwenye kaburi la mume wake. Lakini kama mtaulizwa swali la namna hiyo, na mtaulizwa, jueni kwamba jibu halirudi nyumbani na mwenye kesi peke yake.

Siku niliyowakuta mbuzi barazani, nilirudi chumbani kwangu mchana, saa ambayo sikuzoea kuwa nyumbani. Mlangoni palikuwa na kibuyu. Shingo ndefu, ubavu umeshonwa kwa nyuzi za migomba, kizibo cha jani bichi. Nikakifungua nikanusa. Ilikuwa maji ya ndizi matamu, hayajachacha. Kokuhirwa alikumbuka kwamba mimi ni Mwislamu na rubisi siigusi.

Nilikunywa nimesimama. Kisha nikakaa nikaanza kuwaza.

Kibuyu kilikaa chumbani kwangu muda mrefu kuliko ilivyo heshima. Niliwaza nitie maharage, anayo. Niliwaza kahawa, anayo kuliko mimi. Niliwaza kwamba labda hakutaka kirudi, labda ameniletea kama mtu anavyompelekea mfiwa. Mwishowe nikamuuliza baba mdogo Salimu, aliyekuwa akifuta mizani ambayo tangu vita vianze haikupima kitu.

"Tia chumvi," akasema.

"Chumvi ni ya mama yake mkungu. Ataona nimeiga."

"Chumvi ni chumvi. Ataipika." Akainua macho. "Kibuyu kimekaa humu siku zote hizi kwa ajili ya hilo?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Baba yako alikupeleka shule ya mbali sana," akasema, akanipimia chumvi.

Nikaenda Chonyonyo kwa miguu, mara ya kwanza bila stuli ya mtu. Begani nilijisikia mwepesi upande mmoja. Nilipita kwa mbele, kwenye njia iliyofagiliwa, kati ya miramura mipya ambayo Kamuhanda aliamriwa kuipanda na ambayo sasa ilikuwa imenipita urefu. Mibuni ilikuwa imechanua. Nikakohoa.

Kokuhirwa akatoka, amezeeka, sauti ni ile ile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akapokea kibuyu, akakitikisa karibu na sikio.

"Chumvi," akasema.

"Ndiyo, mawe."

"Kimekaa."

"Nilikuwa nawaza nitie nini."

"Nilijua. Nilimwambia jirani, yule atawaza mpaka kipasuke." Akamimina chumvi kwenye chungu, akachungulia ndani ya kibuyu kwa jicho moja, kisha akakichukua na kupotelea nyuma ya nyumba. Hakuniambia nikae wala niende.

Nilibaki nimesimama uani. Mikono yangu sikujua niiweke wapi. Miaka yote ilikuwa na kitu cha kubeba. Niliwaza kama niondoke, maana labda amemaliza nami. Niliwaza kwamba nikiondoka naye akarudi, itakuwa nimemtukana. Kutoka nyuma nilisikia kitu kikimiminwa.

Mwanamume mmoja alikuwa akipita njiani na mzigo wa majani. Akaniona, akanijua, akasimama. Uso wake ulibadilika kama nyuso zinavyobadilika mkalimani wa boma anaposimama uani kwa mtu.

"Kuna shauri hapa?" akauliza.

"Hakuna," nikamjibu. "Nangoja kibuyu."